Panya na Gari Lililolala: Mjadala wa Lemara

Panya haingii kwenye gari lililolala kwa sababu ya njaa; huingia akitafuta pa kuzalia. Injini iliyozimwa miezi miwili ni pango kavu lenye paa la chuma, lenye milango mingi chini na pembeni, lenye sponji ya kuchana na kutandika, na juu ya yote halina mtu wa kupita akipiga kelele. Chakula kikiwepo karibu, hicho ni cha nyongeza. Mabishano mengi kuhusu namna ya kumzuia hukwama kwa sababu wanaobishana wamelisahau jambo hilo.

Lemara, kata ya Jiji la Arusha iliyo jirani na Njiro, humpa panya kila anachohitaji. Kuna nyua za kuegesha magari, viraka vya mahindi na migomba vilivyobaki kati ya nyumba, mifereji ya maji, na mabanda ya kuku yenye magunia ya pumba. Tena vyombo vya moto hapa hulala kwa zamu. Magari ya watalii hulala wakati wa masika, Aprili na Mei, barabara za mbugani zinapogeuka tope. Zana za shamba hulala zaidi ya hapo: planta hufanya kazi wiki chache mvua zikianza, kisha hungoja mwaka mzima, pampu ya umwagiliaji hukaa kimya mvua ikinyesha, kombaini inayovuna ngano upande wa Monduli na Karatu hurudi bandani ikiwa bado na punje tumboni. Mwaka 2020 janga la UVIKO-19 liliongeza usingizi huo. Watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867, na magari yaliyozoea kulala Seronera yakalala uani kwa miezi.

Wanaobishana kuhusu panya ni wengi, lakini sauti zao hurudi kwenye nne. Yupo mzee mwenye trekta na planta. Yupo mama mwenye magari mawili ya kukodisha kwa watalii. Yupo fundi wa umeme wa magari, na yupo bibi shamba wa kata, ambaye wote humwita mtaalamu, hata wale wasiofuata anachosema.

Swali la kwanza linalowagawa ni la panya mwenyewe. Mzee huona panya ni panya. Mtaalamu hakubali: "Mzee wangu, kabla ya kununua mtego wala sumu, tazama kwanza mavi." Mavi ya kipanya wa nyumbani ni madogo kuliko punje ya mchele, yana ncha kali na hutapakaa ovyo. Ya panya wa darini hufikia urefu wa sentimita moja na zaidi na yamepinda kidogo mfano wa ndizi. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Kipanya hupita kwenye upenyo wa milimita 6, yaani unene wa penseli, na akishaingia hukaa humohumo. Panya wa darini ni mpandaji. Huja kutoka juu, kwa kenchi, kwa tawi la mparachichi au kwa waya wa umeme, na mwenye banda anayeziba chini tu hubaki akishangaa ameingia wapi.

Wa tatu ndiye anayebadilisha hesabu: panya shamba, yule ambaye wanasayansi humwita Mastomys natalensis na ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamemfuatilia kwa miongo kadhaa. Mimba yake ni ya siku 23 hivi, na kwa mzao mmoja jike huzaa watoto 11 kwa wastani, wakati mwingine zaidi ya 20. Kuzaa kwake hufuata mvua. Vuli ikinyesha kwa wingi mapema, huanza kuzaa kabla ya msimu wake wa kawaida, na mwaka unaofuata mlipuko unaweza kutokea. Kwa Lemara maana yake ni hii: mahindi yakivunwa, mwezi wa saba na wa nane, shamba hubaki tupu, baridi ya Arusha inauma, na panya shamba huhamia majumbani. Trekta lililoegeshwa baada ya kilimo cha masika huwa limeshatulia bandani likimngoja.

"Basi mimi nifanyeje, niuze trekta?" mzee huuliza.

"Hapana, mzee. Uhesabu miezi," mtaalamu hujibu. Jibu hilo halimridhishi, lakini ni sahihi. Kinga inayowekwa mwezi wa sita hushinda dawa inayonunuliwa mwezi wa tisa.

Mjadala hupamba moto unapofika kwenye waya. Fundi ana kipande cha waya anachokihifadhi kwenye droo kwa ajili ya wabishi. Ni kifupi kama kidole cha kati, ganda lake la manjano limechunwa upande mmoja, na kwenye ganda lililobaki kuna mifereji miwili midogo iliyokaa sambamba, kana kwamba imekwaruzwa kwa uma wa meno mawili. Shaba iliyo wazi imegeuka kijani. "Hii kijani si meno," huwaeleza. "Ni mkojo. Meno yalifanya kazi siku moja, mkojo ukaendelea mwezi mzima."

Hapo ndipo ilipo gharama. Waya wenyewe ni wa bei ndogo. Kuutafuta ndiko kunakokula siku mbili za gereji. Gari huja linasuasua, taa ya injini inawaka, mashine ya kupima inataja sensa. Mteja ananunua sensa mpya, taa inawaka tena. Sensa haikuwa na kosa. Waya wake ndio uliokatwa nyuma ya injini, mahali ambapo mkono hauingii. Kwenye trekta la zamani lenye waya chache za starta, altaneta na taa, kosa hilo huonekana kwa macho. Kwenye gari la kisasa lenye mafungu ya waya yaliyofungwa utepe mweusi kutoka boneti hadi taa za nyuma, fundi huanza kwa kusali.

Mama ana maelezo aliyoyapata kwa madereva: waya za magari mapya zina soya ndani yake, ndiyo maana panya wanazipenda. Maelezo haya hayakuzaliwa Arusha. Nchini Marekani wenye magari ya Toyota na Honda walikwenda mahakamani katikati ya miaka ya 2010 wakidai hayohayo, na kampuni zikakana. Honda yenyewe huuza utepe wa kufungia waya uliotiwa kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili. Mwenye kupenda nadharia ya soya huuchukua utepe huo kama ushahidi, ingawa unathibitisha tu kwamba panya hula waya, jambo ambalo hakuna anayelipinga.

"Fundi," mzee huingilia, "trekta langu limeingia nchini wewe hujazaliwa. Soya imetoka wapi?"

Katika hili mzee ameshinda. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua. Yangeachwa bila kusagwa yangeongezeka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Panya hutafuna mbao, plastiki, mabomba ya risasi na alumini, vitu ambavyo havina lishe yoyote. Waya hutafunwa kwa sababu ni mlaini, unatosha mdomoni, na mara nyingi umepita mbele ya mlango wa kiota. Soya ikiwemo au isiwemo, waya ulio karibu na kiota utaguswa, na mwenye gari anayesubiri kiwanda kibadilishe ganda la waya atasubiri sana.

Kuhusu usafi kabla ya kuegesha hakuna mpinzani, kuna wasiotekeleza tu. Dereva humwambia mama kwamba gari limeoshwa, na kweli linang'aa. Lakini gari la watalii hubeba maboksi ya chakula cha mchana, na biskuti zilizovunjika Ngorongoro hukaa chini ya reli za siti hadi Mei. Zulia litolewe, siti za nyuma zinyanyuliwe, mifuko ya milango na dashibodi imwagwe, pamoja na karatasi za chooni na ramani za zamani, maana hayo ndiyo matandiko. Vazi la kimasai la kufunika siti nalo litoke. Planta imwagwe mbegu hadi punje ya mwisho, na masanduku yake yafunguliwe na kupanguswa.

Kombaini ni habari nyingine, na inastahili kupewa muda. Ndani yake kuna tangi la nafaka, mikanda ya kupandishia punje, mapipa ya kupuria, chekeche, na pembe nyingi ambazo ufagio haufiki. Njia inayoaminika ni kuiendesha tupu dakika kadhaa ikiwa nje ya banda, kufungua vifuniko vyote vya chini, kupuliza kwa hewa ya kompresa kuanzia juu kushuka chini, kisha kuiendesha tena. Watu hushangaa debe linalotoka mara ya pili. Ikiachwa bila kufanyiwa hivyo, panya hupata chumba na posho mlango mmoja, na kiota cha majani makavu kikikaa juu ya manifoldi ya ekzosi, siku ya kwanza ya mavuno inaweza kuwa siku ya moto.

Kutoka hapo huzuka ubishi ambao hausikiki sana vitabuni: baada ya kusafisha, mashine ifungwe au iachwe wazi? Mama anataka kila kitu kifungwe. Mzee huacha boneti la trekta wazi, kwa hoja kwamba panya hapendi mwanga wala upepo.

"Na kuku je, mzee?" fundi huuliza, na wote hucheka, kwa sababu kuku alishataga juu ya betri ya trekta hilo na mayai yakagunduliwa kwa harufu.

Wote wawili wana haki, kila mmoja kwa chombo chake. Gari lenye kabini linaweza kuzibwa likazibika, basi lizibwe. Kombaini na planta zina matundu mia. Kuziba nusu yake ni kumjengea panya chumba chenye kivuli. Hizo ziachwe na vifuniko vya chini wazi, mwanga uingie, na punje zilizosahaulika zidondoke sakafuni ambako zitaonekana. Trekta lisilo na kabini liko katikati. Boneti wazi husaidia kweli, mradi kuku wawe na banda lao.

Kuziba kwenyewe kuna wapenzi wengi wa vitu visivyofaa. Matambara hayazibi; humpa panya godoro. Povu la kupuliza linalouzwa madukani hutafunwa usiku mmoja likikaa peke yake. Kinachofaa ni chuma: wavu wenye matundu yasiyofika milimita 6, au waya wa kusugulia sufuria uliosokotwa ukajaza tundu. Mahali pa kuangalia ni mlango wa hewa chini ya kioo cha mbele, mdomo wa bomba la kuingiza hewa kwenye ea klina, matundu ya pedeli na gia, mpira uliochanika kwenye bomba la nyaya linaloingia kabini, na ekzosi. Ekzosi ya trekta iliyosimama wima hufunikwa kirahisi kwa kopo. Ya gari huwekewa wavu. Kila kinachozibwa kwenye njia ya hewa au ya moshi lazima kiwe na alama, kwa maana injini ikiwashwa imezibwa huweza kuvuta wavu hadi ndani. Kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye usukani kinatosha. Hakuna dereva atakayekaa bila kukiona.

Banda lina kazi yake pia. Shimo la ukutani huzibwa kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa, kama wajenzi wa kienyeji walivyofanya siku zote, na bado hakuna kilichoishinda njia hiyo kwa bei. Nyasi zikatwe mita mbili tatu kuzunguka banda. Mabua, mbao na magunia ya pumba visikae ukuta mmoja na gari. Mzee huyaning'iniza masanduku ya planta kwenye kenchi kwa waya, akijua panya wa shambani hawafiki. Wa darini hufika, na hutembea juu ya waya huo kama fundi wa TANESCO. Koni ya bati iliyopigwa katikati ya waya, kama zile zinazowekwa kwenye miguu ya vihenge, humrudisha. Kwenye mguu wa kihenge au wa jukwaa koni hiyo ikae karibu mita moja kutoka chini, maana panya mkubwa anaruka sana kuliko watu wanavyodhani.

Harufu ndiyo biashara inayostawi. Kila mmoja ana yake: vidonge vya nafthalini, pilipili kichaa iliyosagwa, mafuta ya peremende, majani ya mwarobaini. Mzee hupaka waya mafuta machafu ya injini. Fundi humkatalia mara moja: "Mafuta yanaozesha mpira na ganda la waya, mzee. Unamsaidia panya kazi." Nafthalini nayo hubaki kwenye mabomba ya hewa, na mvuke wake si wa kuvutwa na abiria siku nzima njiani kwenda Tarangire. Peremende na pilipili huuma pua ya panya siku chache, kisha hupoa, na kwenye kabini lililofungwa panya aliyekwisha kuzaa hahami kwa sababu ya harufu. Utepe wa pilipili unaofungwa juu ya waya wenyewe una mantiki zaidi kuliko dawa ya kunyunyiza hewani, kwa kuwa panya huukuta anapouma. Vifaa vya sauti isiyosikika na binadamu havistahili fedha. Mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani iliwaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivyo kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi.

Mama anaamini paka. Paka akiondoka, panya hutawala, husema, na methali hiyo ina uzito kuliko chapa yoyote ya dukani. Mtaalamu hamkatalii; humwongezea. Utafiti uliofanywa kwenye maboma ya vijijini Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 ulipima panya wanavyothubutu kula mahali penye paka, penye mbwa, penye wote wawili na pasipo na mnyama. Panya walipungua kuthubutu pale paka na mbwa walipokuwepo pamoja. Paka peke yake hakutosha, na mbwa peke yake pia hakutosha.

"Kwa hiyo mbwa wa getini ana kazi mbili," mama husema.

"Akifunguliwa usiku, ndiyo mama. Akifungwa mnyororo, ana kazi moja."

Kinachofanya kazi hapo ni hofu kuliko kuua. Paka mmoja hamalizi panya wa mtaa, ila huwafanya wasikae mahali wazi muda mrefu. Hofu hiyo hukomea kwenye boneti: ndani ya injini paka hafiki, na akifika ni hatari kwake. Wakati wa baridi hulala humo kutafuta joto, na mkanda wa feni haumsubiri aamke. Kugonga boneti kwa kiganja kabla ya kuwasha ni adabu ya lazima kwa nyumba yenye paka. Bundi naye angesaidia, maana panya ndio chakula chake cha kila usiku, lakini Lemara, kama mahali pengi, bundi akitua juu ya bati watu huanza kuulizana nani mgonjwa. Ndege huyo amepigwa mawe mengi kwa kosa la kulinda mahindi.

Sumu huwatenganisha kabisa. Inauzwa kwa sauti: machinga hupita na kipaza sauti kilichorekodiwa, kikirudia dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, bila kupumua. Pakiti ni ndogo, bei ni ndogo, na mara nyingi hakuna maandishi ya kueleza kilichomo. Mama hununua, kwa sababu msimu umekaribia na hana subira ya mitego.

Pingamizi la mtaalamu ni la kisheria na la kitabibu. Viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, ambayo makao yake yako Ngaramtoni, mwendo mfupi tu kutoka hapo, mahali palipokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, kabla ya sheria ya mwaka 2020. Asiyejua kilicho ndani ya pakiti hawezi kumwambia daktari mtoto amekula nini. Tofauti ni ya uhai. Fosfidi ya zinki hugeuka gesi ya fosfini ikikutana na asidi ya tumbo, huua haraka, na haina dawa ya kuizima. Bromadioloni huzuia damu kuganda, huua baada ya siku kadhaa, na vitamini K1 huweza kumwokoa aliyeila. Ile ya kwanza ina udhaifu mwingine: panya akionja kidogo, akaugua na kupona, hagusi tena chambo hicho. Ile ya pili hufuata mnyororo, kutoka kwa panya hadi kwa paka au bundi aliyemla.

Pingamizi la fundi ni la pua, na ndilo linalowashinda watu wengi. Ni hadithi kwamba panya aliyekula sumu hutoka nje kutafuta maji. Hufia alipo: ndani ya bloa, chini ya dashibodi, kwenye mkunjo wa bomba la hewa. Gari likiwashwa, feni husambaza habari hizo kwa siti zote. Kulitoa dashibodi zima ili kumfuata panya wa gramu 40 ni kazi ambayo fundi hawezi kuipunguzia bei, hata mteja akimwita kaka. Kwa gari lililolala, basi, sumu ndani ya chombo ni kosa. Inayokubalika ni ile iliyosajiliwa, ikiwekwa kwenye visanduku vilivyofungwa kandokando ya uzio, mbali na kuku, mbwa na watoto, na mizoga ikizikwa. Milipuko ya panya shamba mashambani ni suala tofauti. Huko serikali hugawa chambo chenye sumu kwa wakulima wengi kwa pamoja, na kufanya hivyo kwa pamoja ndiyo nguvu yake.

Mitego hudharauliwa kwa sababu hutegwa vibaya. Mtego mmoja katikati ya banda hukamata vumbi. Panya hutembea akigusa ukuta kwa masharubu yake, kwa hiyo mtego wa kubana huwekwa ukutani, mdomo wa chambo ukielekea ukuta, na si mmoja bali sita, kumi, kwa mpigo. Panya wa darini huogopa kitu kipya. Mitego yake iachwe na chambo bila kutegwa siku mbili tatu, azoee kula bure. Kipanya ni mdadisi na hukamatwa usiku wa kwanza. Karanga zilizosagwa au kichwa cha dagaa kilichofungwa kwa uzi vinafaa kuliko jibini za katuni. Mitego ikae sakafuni karibu na magurudumu, si ndani ya gari, maana chambo ndani ya gari ni mwaliko. Mitego ya gundi ina mateso mengi na haichagui. Lemara hunasa vifaranga na mijusi kafiri kwanza. Utegaji hufaulu zaidi majirani wakitega pamoja kila siku, kwa kuwa ua mmoja uliosafishwa hujazwa na panya wa ua wa pili ndani ya wiki chache. Mama na mzee wametenganishwa na uzio wa michongoma, na magunia ya pumba ya mzee yako upande wa pili wa uzio huo. Suala hilo huzungumzwa kwa upole sana.

Lipo pia jambo la kuwasha. Mzee huwasha trekta kila Jumamosi dakika tano akiamini mtetemo huwafukuza panya. Huwafukuza kwa mchana ule. Fundi ana hesabu nyingine: dakika tano hazirudishi umeme ulioliwa na starta, na injini isiyopata joto kamili hubakiza unyevu kwenye oili na ndani ya ekzosi. Chombo kiendeshwe kweli, dakika 20 au 30 barabarani au shambani, na kisha kiegeshwe mahali palipobadilika kidogo. La sivyo kilale usingizi kamili, teminali hasi ya betri ikiwa imetolewa. Kutoa teminali kuna faida ya pili, kwani waya ulioliwa hauwezi kuleta cheche kwenye chombo kisicho na umeme. Kisichoruhusiwa ni kukisahau. Mara moja kwa wiki boneti lifunguliwe na kumulikwa tochi. Mzee, ambaye amepoteza hoja ya dakika tano, ana mbinu ambayo hata mtaalamu ameichukua: hupepeta majivu ya jikoni sakafuni kuzunguka magurudumu, kisha huyasawazisha kwa ubao. Asubuhi majivu humwambia nani alipita, alitoka upande gani, na kama mkia uliburuzwa. Majivu yakikaa wiki mbili bila nyayo, mitego huweza kupunguzwa.

Siku ya kutoa gari ndiyo siku ya makosa ya haraka, kwa sababu mgeni ameshatua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na dereva anatafuta ufunguo. Mtaalamu husisitiza jambo ambalo wengine hulipuuza. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza homa ya mgunda katika Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Watu 20 waliugua na 3 wakafariki. Bakteria wake, leptospira, hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia mwilini kupitia michubuko ya ngozi, macho na mdomo. Mkono wa fundi, ambao haukosi mchubuko, ndio mlango wake. Kiota hakishikwi kwa mkono mtupu wala hakifagiliwi kikiwa kikavu. Milango ya gari hufunguliwa nusu saa, hewa ipite. Glavu za mpira na barakoa huvaliwa, kiota na mavi hulowanishwa kwa jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa kumi, huachwa dakika kumi, kisha huondolewa kwa karatasi na kufukiwa. Mahali penye waya na soketi hutumika kitambaa kilichokamuliwa, si ndoo.

Baada ya hapo ea klina hufunguliwa kabla ya injini kuguswa, kwa maana ndicho chumba kinachopendwa kuliko vyote. Mafungu ya waya hufuatwa kwa tochi na kidole chenye glavu, kutoka kisanduku cha fyuzi hadi nyuma ya injini, na mipira ya breki na mafuta hukaguliwa palepale, kwani uvujaji wa mafuta ya breki hauonyeshi taa hadi gari liko kwenye mteremko. Boneti hugongwa. Wavu hutolewa kwenye ekzosi na kwenye bomba la hewa, mmoja baada ya mwingine, ukihesabiwa. Teminali hurudishwa. Kitambaa chekundu ndicho cha mwisho kufunguliwa kwenye usukani.